Waliko Kulungu wa Hallowick

Leicester, 14 Aprili 1984

Kaka Alwyn,

Mimi mzima ila magoti. Wewe sijui, kwa maana kadi yako ya mwisho ya Krismasi niliipata miaka mitatu iliyopita, lakini kama ungekufa naamini mtu angeniambia, kwa hiyo nakuandikia kama mtu aliye hai.

Sina lawama leo. Lawama ninazo, nimeziweka kando. Nina swali moja tu, na ni swali jepesi.

Mimi sasa ni katibu wa kikundi cha matembezi cha wanawake tuliostaafu kiwanda cha soksi. Tuko kumi na wanne. Kila mwezi tunakodi basi dogo, tunakwenda mahali, tunatembea, tunalalamika, tunarudi. Mwezi wa tano wamechagua mbuga ya Hallowick, na kosa ni langu, kwa kuwa nilijigamba ndani ya basi kwamba nimezaliwa humo, kwamba baba alikuwa mlinzi wa kulungu na kaka yangu ndiye mlinzi mpaka hivi leo. Beryl Towle, ambaye hajawahi kuamini neno langu tangu mwaka 1951, akasema, "Basi tutawaona kwa karibu." Nikamjibu, "Karibu mpaka utahesabu kope zao."

Kwa hiyo niambie: tupite wapi na saa ngapi ili tuone kulungu? Mimi niliondoka na miaka kumi na tisa, na kulungu niliowajua wamebaki pembe za kutundikwa ukutani. Tunakuja Jumamosi tarehe 12 Mei. Na ukipenda, utembee nasi. Miaka kumi na mmoja hatujaonana tangu tumzike baba. Sisemi zaidi ya hapo.

Mdogo wako,
Thelma


Nyumba ya Lango, Hallowick
23 Aprili 1984

Thelma,

Mimi mzima. Ingieni kwa Lango la Kaskazini. Fuateni njia ya mialoni mpaka iishe. Kushoto kuna Bwawa la Watawa. Kaeni kwenye ukuta wa mawe ng'ambo ya maji. Saa tatu asubuhi watakuja kunywa. Upepo uwe usoni mwenu, usiwe mgongoni. Msiongee.

Siku hiyo nina kazi.

A. Garside


Leicester, 13 Mei 1984

Kaka Alwyn, au Bwana A. Garside, kama unavyojiandika siku hizi, utadhani mimi ni mtu wa kodi,

Bwawa la Watawa halipo! Limefukiwa. Palipokuwa na maji pana kokoto, na juu ya kokoto pana magari hamsini na lori la aiskrimu linalopiga muziki. Nami nikawapanga wanawake kumi na wanne juu ya ukuta kama ulivyoamuru, kimya, upepo usoni, tukitazama magari. Saa nzima, Alwyn. Mzee mmoja alishuka kwenye gari lake akatuuliza kama nasi tumegoma, kuwaunga mkono wachimba makaa walioko kwenye mgomo.

Kulungu tuliyemwona ni mmoja, naye alikuwa amechorwa kwenye kibao cha kuonyesha njia ya choo. Beryl Towle akakisogelea, akavaa miwani, akaniambia, "Thelma, njoo unisaidie kuhesabu kope." Basi zima likacheka mpaka tunaingia Leicester. Mimi sikucheka.

Hivi wewe unaishi humo ndani au unaishi mwezini? Mtu anafukia bwawa zima, wanaingia na matingatinga, wewe ndiye mlinzi na huna habari?

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Mwandiko wako. Mstari wa kwanza unapanda mlima, wa pili umeukalia wa kwanza kichwani, na neno "upepo" umeliandika juu ya neno "ukuta". Wewe ulikuwa na mwandiko wa kumtia mwalimu wivu. Mwandiko kama ule niliuona kwa mtu mmoja tu maishani, na tumemzika. Kama umeanza chupa, Alwyn, sema. Usifanye kama yeye, kusema ni homa, ni uchovu, ni jua.

Nilifika nyumbani kwako saa sita mchana. Mlango ulikuwa umefungwa.

Thelma


Nyumba ya Lango
21 Mei 1984

Thelma,

Sinywi. Ninakunywa chai, na ikiisha chai ninakunywa maji. Ulisema maneno yayo hayo siku ya mazishi, baba hajapoa, majirani wameshika vikombe mkononi, na sijasahau. Ulidhani nimesahau.

Mwandiko ni kwa sababu ya kidole. Nilikibana kwenye lango.

Habari za bwawa nilizijua, ila zilinipitia nilipokuandikia. Mtu ana mambo mengi. Tena wanawake kumi na wanne si watu wa kutazama kulungu, hao ni watu wa harusi. Kulungu husikia mfuko wa biskuti ukifunguliwa ng'ambo ya bonde. Huyo Beryl wako alivaa koti la rangi gani? Usiniambie. Jekundu.

Kama bado mnataka, msije Juni. Majike wanazaa, watoto wamelala ndani ya vichaka vya kangaga, mtawakanyaga. Msije Julai wala Agosti, nyasi ni ndefu na watalii ni wengi kuliko nzi. Njooni mwanzo wa Oktoba, madume wanapogombania majike. Wananguruma kutwa, hata kipofu hawezi kuwakosa. Piteni Handaki Refu, upande wa jumba. Madume huwa ng'ambo, kwenye uwanda chini ya Kilima cha Mnara. Kati yenu na wao pana handaki, na juu ya handaki pana ua wa waya wa urefu wa mtu. Mtakuwa salama kama mko kanisani.

Alwyn


Leicester, 1 Septemba 1984

Kaka,

Vizuri. Tarehe 6 Oktoba, Jumamosi. Handaki Refu, upande wa jumba, ua wa waya. Nimeyaandika kwenye daftari na wenzangu wameweka sahihi, ili safari hii nisionekane mzushi.

Koti la Beryl ni jekundu. Ulijuaje?

Nakuuliza tena, na sitauliza mara ya tatu: utakuja utembee nasi? Si lazima tuzungumze habari za baba. Tunaweza kuzungumza habari za kulungu, au tusizungumze kabisa, nasikia wanapenda hivyo.

Kidole kimepona? Kwa barua yako ya mwisho nadhani kilikuwa ni mkono mzima.

Thelma


Nyumba ya Lango
10 Septemba 1984

Thelma,

Nitakuwa kazini.

Alwyn


Leicester, 8 Oktoba 1984

Alwyn,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti cha hospitali, karatasi juu ya paja, kwa hiyo na mimi mwandiko wangu leo ni mbaya. Hapo tuko sawa.

Beryl Towle amevunjika kifundo cha mkono. Wenzetu wawili wamepasuka magoti. Mimi sina jeraha ila moyo unanidunda mpaka sasa, siku ya pili.

Hakuna ua, Alwyn! Hakuna waya, hakuna nguzo, hakuna hata shimo la nguzo. Na handaki lenyewe wamelijaza udongo sehemu ya katikati, mtu anavuka kwa kiatu cha kanisani. Tulisimama pale tukisikiliza mngurumo, tukiambiana jinsi unavyopendeza, mimi nimejaa majivuno kama ndiye niliyewazaa hao kulungu, na mara kangaga zikafunguka na dume akatoka. Si ng'ambo. Upande wetu. Matope mpaka kifuani, nyasi zimening'inia kwenye pembe kama nguo kwenye kamba, macho yamemtoka. Nilikumbuka ulichonifundisha utotoni, nikapiga kelele, "Msikimbie! Rudini nyuma polepole!" Wanawake kumi na wawili, ambao kuinuka kwenye kiti huwachukua dakika tano, walikimbia kama sungura.

Beryl hakukimbia. Beryl alisimama na koti lake jekundu akafungua mwavuli. Yule dume akaja mpaka hatua sita, akasimama, akaukwangua udongo, akapiga pembe kwenye nyasi. Beryl akarudi nyuma, hatua moja moja, mwavuli mbele, mpaka akatumbukia kinyumenyume kwenye kipande cha handaki kilichobaki. Akalia kwa uchungu. Dume akamwangalia, kisha akasikia mwenzake ananguruma kule kilimani, akageuka akaenda zake.

Ulitutuma pale wewe. Kwa maandishi. "Salama kama mko kanisani."

Mara ya kwanza nilisema amesahau. Mara hii sijui niseme nini. Mtu anayeishi hatua mia chache kutoka hapo hawezi kutojua kwamba ua umeondolewa, ila awe hatoki ndani, na hatoki ndani ila awe amelewa asubuhi mpaka jioni. Au unatuchukia. Chagua moja unijibu.

Na wanaume wa mbuga walipokuja na gari kumbeba Beryl, niliwauliza, "Mlinzi yuko wapi?" Wakatazamana. Mmoja akasema, "Bwana Garside? Atakuwa huko." Akaonyesha pande zote.

Thelma


Mkahawa wa Zizini, Hallowick
12 Oktoba 1984

Bi Bexon,

Hunijui. Mimi ni Ivy Caddick, ninaendesha mkahawa katika zizi la zamani la farasi karibu na jumba. Siku ile mlipomleta Bi Towle ameshika mkono wake, ile chai ya sukari niliitengeneza mimi, na keki pia, ingawa naona hakuna aliyekula.

Nakuandikia kwa sababu nimechoka. Nimefika hapa shingoni na kaka yako, na kwa kuwa mimi si ndugu, nadhani ni zamu ya ndugu kuchoka sasa.

Kaka yako hanywi. Kaka yako haoni.

Si giza kabisa. Katikati ya macho ndipo pamekufa, pembeni pamebaki. Ananiambia akinitazama usoni anaona masikio yangu mawili na ukuta katikati. Ndiyo sababu anaweza kutembea, kufungua lango, kumwaga nyasi kavu za kulisha, na watu wakamsalimia asubuhi wasigundue kitu. Mimi mwenyewe niligundua mwaka jana, aliponilipa kwa kifungo cha koti. Akaniapisha. Mume wangu marehemu alikuwa mgumu, lakini huyu ni ukuta wa kanisa.

Jana nilikwenda nyumbani kwake kumfokea kwa ajili ya Bi Towle. Barua yako ilikuwa mezani pamoja na kioo cha kukuzia. Anazisoma barua zako kwa kile kioo, neno moja moja, kama mtu anayekula samaki wa miiba, kwa kuwa mwandiko wako ni mkubwa. Barua za ofisi zimepigwa chapa ndogo, hizo hawezi. Unajua anazifanyaje? Anazitia kwenye bati la mkate na kufunika. Nilizikuta thelathini na moja. Ya Februari inasema bwawa litafukiwa. Ya Agosti inasema ua wa Handaki Refu utaondolewa, na yeye awape wageni tahadhari. Huko bwawani na handakini hajafika tangu mwaka jana, ardhi ni mbaya, anaogopa kuanguka. Alikuelekeza njia kwa kumbukumbu, bibi. Aliona hivyo ni bora kuliko kukwambia hajui.

Nikamsomea zote. Nilipofika kwenye ile ya Agosti aliomba niirudie. Halafu akauliza Bi Towle ana umri gani. Nikamwambia sitini na sita.

Nyumba ya Lango huenda na kazi. Akisema haoni, kazi imekwisha na nyumba imekwisha. Hilo ndilo linalomfunga mdomo. Lakini Novemba inakuja, na Novemba mlinzi hupunguza majike kwa bunduki. Nadhani unanielewa.

Atanikasirikia. Na anikasirikie.

Ivy Caddick


Leicester, 15 Oktoba 1984

ALWYN,

NAANDIKA KWA HERUFI KUBWA NA KALAMU NENE, NIMENUNUA MAKUSUDI. UKIONA NI KAMA NAKUFOKEA, NI KWELI NAKUFOKEA.

BI CADDICK AMENIAMBIA. USIMGUSE KWA NENO. AMEFANYA AMBALO MIMI NILIPASWA KULIFANYA MWEZI WA TANO.

MAANA NINA LANGU LA KUKIRI. NILIKWAMBIA NILIFIKA KWAKO NIKAKUTA MLANGO UMEFUNGWA. SIKUBISHA HODI. NILIPITA DIRISHANI KWANZA. NILIKUONA. ULIKUWA UNAPAPASA UKUTA, UKAGONGA KITI, UKAMIMINA CHAI NJE YA KIKOMBE, IKATIRIRIKA MEZANI MPAKA CHINI, NAWE UKAENDELEA KUMIMINA. NIKASEMA MOYONI, NI BABA HUYU. NIKAGEUKA NIKARUDI KWENYE BASI. KULIKUWA NA KIOO TU KATI YETU, ALWYN, NAMI NIKAENDA KULA SANDWICHI NA BERYL.

KAMA NINGEGONGA KILE KIOO, BERYL ANGEKUWA NA MIKONO MIWILI MIZIMA. HIYO NI HESABU YANGU, SI YAKO. YAKO NI HII: NENDA OFISINI KABLA YA TAREHE MOSI NOVEMBA UWAAMBIE. USIPOKWENDA WEWE NITAKUJA MIMI, NA UNANIJUA.

THELMA


Hallowick, 24 Oktoba 1984
(kwa mkono wa Ivy Caddick, yeye anasema mimi naandika)

Thelma,

Umeandika kama tangazo la mnada. Niliisoma bila kioo.

Nilijua ni wewe dirishani. Nilisikia miguu. Tangu utotoni unaburuta wa kushoto. Niliweka birika chini, nikasimama, nikangoja ubishe. Nilikuwa nimeshaamua kwamba ukibisha nitafungua na kukwambia yote. Hukubisha. Nikasema, basi, ameona nilivyo, ameondoka. Sikujua umeona kitu kingine.

(Hapa amenyamaza. Nimemwongezea chai. Amesema nisiandike kwamba amenyamaza. I.C.)

Sasa nikwambie la bunduki, kwa kuwa Bi Caddick analizungukia kama paka. Novemba iliyopita nilitoka peke yangu. Jike mmoja alisimama pembeni ya jicho langu, vizuri kabisa, namwona mpaka mvuke wa pumzi. Nikageuza macho kumlenga, akatoweka. Nikarudisha, akaonekana. Nikasema, najua alipo. Miaka arobaini najua walipo. Nikafyatua pale nilipojua.

Nilimpiga mguu. Nilimsikia akienda, miguu mitatu. Nikamfuata siku mbili, kwa mbwa na kwa kusikiliza, mpaka nikamkuta chini ya mialoni, na nikamaliza kwa kisu kwa sababu sikuiamini tena bunduki. Tangu siku ile haijatoka kabatini. Ofisini nilisema majira yote nimepunguza majike kumi na wanane. Nilipunguza mmoja. Ndiyo sababu mwaka huu wamekuwa wengi, nyasi hazitoshi, na madume wanagombana mpaka kwenye njia za watu. Kwa hiyo usijitwishe mkono wa Bi Towle. Mimi nimeubeba kwa pande mbili.

(Hili hata mimi sikulijua. I.C.)

Jana nimekwenda ofisini. Bwana Hargrave, huyo meneja, alidhani nimekuja kuomba mafuta ya jiko. Nikamwambia kila kitu nimesimama. Akauliza kwa nini sikusema mapema. Nikamwambia, "Kwa sababu ungenijibu unavyotaka kunijibu sasa." Si mtu mbaya, ila ana umri wa soksi zangu. Kazi imekwisha Jumamosi hii. Nyumba naiacha tarehe 25 Machi.

Muulize Bi Towle kama atapokea barua yangu ya kuomba radhi, au aione ni dharau.

Alwyn


Leicester, 2 Novemba 1984

KAKA,

NIMEKUANDALIA CHUMBA CHA NYUMA. KITANDA KIPO, HITA IPO, REDIO IPO. UNAKUJA HUKU MACHI NA MANENO YAMEKWISHA.

BERYL ANASEMA BARUA ATAPOKEA. ANASEMA PIA KWAMBA MAISHANI MWAKE HAJAWAHI KUTAZAMWA NA DUME YEYOTE KWA MAKINI KAMA YULE, NA KWAMBA PLASTA YA MKONO IMEJAA SAHIHI MPAKA HANA PA KUJIKUNA. ANASIMULIA KISA KILE KILA MAHALI. KWENYE KISA CHAKE DUME ALIKUWA HATUA MOJA, NA MIMI NILIKUWA JUU YA MTI.

THELMA


Hallowick, 11 Novemba 1984
(mkono wa I. Caddick)

Thelma,

Siji Leicester.

Usianze. Nakujua, umeshaanza. Chumba chako cha nyuma kinatazama ukuta wa kiwanda, ninakumbuka, na wewe unaimba ukiosha vyombo. Wiki ya pili tungetafutana kwa visu vya mkate. Kuna nyumba ndogo za wazee kijijini, karibu na kanisa. Nimepewa chumba kimoja. Dirisha linaangalia barabara, mhudumu akaniomba radhi kwa ajili hiyo. Nikamwambia asihangaike, mandhari kwangu ni yale yale.

(Nimemwambia huo si mzaha. Amesema ni mzaha. I.C.)

Bi Towle amenijibu. Ameniita "mheshimiwa". Anataka kurudi Hallowick kabla sijaondoka, na anataka nitembee nao. Nilimwandikia kwamba mlinzi asiyeona ni kama kengele isiyo na ulimi. Akanijibu kwamba hajaniomba nione, ameniomba nitembee.

Unafugaje mtu kama huyo?

Jumamosi tarehe 23 Machi, basi. Saa moja asubuhi muwe langoni. Si saa mbili, si saa moja na nusu. Nguo za kahawia au za kijani. Biskuti zitolewe kwenye mifuko huko huko Leicester. Na mtu akileta mwavuli atauacha kwa Bi Caddick.

Alwyn


Leicester, 26 Machi 1985

Bi Caddick,

Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu siku ile tuliondoka mbio na sikukushukuru, na kwa sababu nataka mtu mmoja ajue yaliyotokea kabla Alwyn hajaanza kuyakanusha.

Alikuwa amesimama nje ya lango tulipofika, kofia kichwani, ndevu amenyoa upande mmoja tu. Hatukukumbatiana. Alisema, "Mmechelewa dakika nne." Nikasema, "Umezeeka." Akasema, "Sijui, sijajiona." Beryl akampitishia mkono kwapani bila kuulizwa, ule wa kulia, uliopona, na safari ikaanza.

Wewe umeishi jirani naye, unajua alivyo. Mimi sikuwa najua. Alitembea mbele kama mtu anayekwenda dukani kwake. Mahali pa kona akasimama, akavua kofia, akageuza uso huku na huku kuupima upepo kwa mashavu. Akasema, "Si bondeni leo. Wako nyuma ya miti ya juu, kwenye jua." Tukapanda. Beryl akateleza, yeye ndiye aliyemshika. Karibu na ukingo akatulaza wote chini, wanawake kumi na wanne wenye jumla ya magoti mabovu ishirini na saba, kwenye nyasi zenye umande, na hakuna aliyelalamika. Akaninong'oneza, "Inua kichwa polepole. Hesabu hamsini kwanza."

Nikainua. Walikuwa pale, Bi Caddick. Karibu kiasi kwamba nilisikia wakitafuna.

Akaniuliza, "Wako wangapi?" Nikasema, "Wengi." Akanifinya mkono. "Wengi ni idadi gani? Madume wangapi wameangusha pembe za mwaka jana?" Nikasema, "Mmoja ana pembe moja, amekaa kama mtu aliyevaa kofia upande." Akauliza anaangalia wapi, masikio yakoje, anatafuna au ameacha. Nilimweleza yote, vibaya, nikikosea, yeye akinisahihisha vitu ambavyo mimi ndiye nilikuwa ninavitazama! Nilikasirika, nikamwambia kwa mnong'ono, "Basi tazama mwenyewe." Neno likanitoka hivyo. Nilitaka ardhi inimeze.

Alicheka. Alizika uso kwenye nyasi akacheka mabega yakatikisika, mpaka jike mmoja akainua kichwa, na kundi zima likaondoka mteremkoni kwa pamoja. Nilikuwa nimeshika mkono wake, nikasikia ardhi ikitetemeka kupitia mifupa yake kabla sijaisikia kwenye mifupa yangu.

Jumatatu amehama. Naomba uniambie kama amekula.

Thelma Bexon


Nyumba za Wazee, kijiji cha Hallowick
9 Aprili 1985

Thelma,

Hii nimeiandika mwenyewe, rula chini ya mstari, kalamu yako nene. Asubuhi nzima. Kwa hiyo usome kwa adabu.

Nimekula. Bi Caddick anakupelekea taarifa kama mtu wa hali ya hewa, nimemfuma. Chumba ni kidogo. Jirani yangu anapiga kinanda chenye nyimbo mbili. Barabarani wanapita watu, wananisalimia dirishani, nami nainua mkono kwa kila mlio, majuzi nimeisalimia baiskeli iliyokuwa inasukumwa na upepo.

Mlinzi mpya alikuja jana. Bwana mwenye mke na watoto watatu, wako kwenye ile nyumba sasa. Alikaa hapo utakapokaa wewe. Alitaka kuniuliza majike huzalia wapi, ili njia za wageni zihamishwe kabla ya Juni. Alikuja na ramani. Nikamwambia aikunje. Nilimweleza mpaka chai ikapoa, naye akaandika. Alipomaliza akanisomea, nikamsahihisha, akasoma tena. Nimemwambia pia la yule jike wa Novemba. Nilitaka alijue.

Wewe unataka kuja Mei. Njoo. Beryl aje, wengine wabaki. Lakini safari hii jifunze kazi, siwezi kulala tena kwenye umande na mtu anayeniambia "wengi". Anza na upepo. Kisha idadi. Kisha nani kati yao ametuona. Uniambie na pembe mpya zimefika wapi, kwa vidole, si kwa mashairi.

Uzuri wao usinitajie. Huo nitautia mwenyewe.

Kaka yako,
Alwyn